Mkato wa Ishirini: Asili na Maana za Neno “Score”

Neno la Kiingereza “score” limebeba maana nyingi kuliko maneno mengi ya hesabu. Ni idadi ya ishirini. Ni mabao ya timu, alama za mtihani, deni la mteja katika kilabu cha pombe, kitabu cha nota kinachowekwa mbele ya kiongozi wa okestra, na mstari uliochanjwa kwa kisu juu ya nyama au kioo. Kamusi huzipanga maana hizi moja baada ya nyingine, na msomaji akizitazama haraka haoni zinavyohusiana. Hata hivyo zote zimezaliwa na kitendo kimoja cha kale: kukata alama kwenye kitu kigumu ili hesabu isisahaulike. Ukikifuatilia kitendo hicho, kila maana hupata mahali pake.

Mzizi wa neno

“Score” si neno la Kiingereza cha asili. Lilitoka katika lugha ya watu wa Skandinavia wa kale, walioitwa Waviking, ambao walianza kushambulia pwani za Uingereza mwishoni mwa karne ya 8 na baadaye wakahamia huko kwa wingi, hasa kaskazini na mashariki mwa nchi. Katika lugha yao, “skor” ilikuwa alama iliyokatwa, ufa katika mwamba, na pia hesabu iliyowekwa kwa mikato. Nomino hiyo ni ndugu wa kitenzi “skera”, yaani kukata. Wenyeji wa Uingereza waliichukua kabla ya mwaka 1100, na tangu mwanzo wakaitumia kwa maana ya ishirini.

Mzizi wa kukata umezaa ukoo mkubwa katika Kiingereza. “Shear” ni kukata manyoya ya kondoo, “share” ni fungu lililokatwa, “short” ni kilichokatwa kikawa kifupi. “Shirt” na “skirt”, shati na sketi, ni neno moja lililoingia kwa milango miwili: la kwanza ni la Kiingereza chenyewe, la pili ni la Waviking. Sauti “sk” ya mwanzo iliyokuwa katika lugha zote za ukoo huo iligeuka kuwa “sh” katika Kiingereza cha kale, lakini Waskandinavia waliendelea kuitamka kama ilivyokuwa. Kwa hiyo matamshi ya “score” yenyewe yanaonyesha neno hilo lilikotoka.

Hesabu kabla ya maandishi

Kukata mikato ili kuhesabu ni desturi ya kale kuliko maandishi yoyote, na baadhi ya ushahidi wake mkongwe umepatikana Afrika. Katika pango la Border, kwenye milima ya Lebombo mpakani mwa Afrika Kusini na Eswatini, ulipatikana mfupa wa mguu wa nyani wenye mikato 29. Umri wake unakadiriwa kuwa zaidi ya miaka 40,000. Mwaka 1950, mwanajiolojia wa Ubelgiji Jean de Heinzelin aligundua mfupa mwingine huko Ishango, mahali ambapo mto Semliki unatoka katika Ziwa Edward, mashariki mwa Kongo. Mfupa huo, unaokadiriwa kuwa na umri wa takriban miaka 20,000, una mikato iliyopangwa katika safu tatu. Jumla ya mikato katika safu mbili ni 60 kwa kila moja, na katika safu ya tatu ni 48. Leo umehifadhiwa Brussels, katika Taasisi ya Kifalme ya Sayansi ya Viumbe ya Ubelgiji.

Wataalamu hawajakubaliana juu ya maana ya mikato ya Ishango. Wako wanaoiona kuwa kalenda ya mwezi, wako wanaoiona kuwa mchezo wa namba, na wako wanaodhani ilikatwa tu ili mfupa ushikike vizuri mkononi. Lisilo na ubishi ni kwamba mfupa na kijiti vina sifa tatu ambazo kumbukumbu ya kichwa haina. Mkato haufutiki kwa urahisi, mtu wa pili anaweza kuuona na kuuthibitisha, na hata asiyejua kusoma anaweza kuuhesabu. Sifa hizo tatu ndizo zilizokifanya kijiti cha mikato kiendelee kutumika Ulaya hadi karne ya 19, miaka mingi baada ya karatasi na kalamu kuenea.

Kwa nini ishirini

Mkato mmoja unaweza kuwakilisha kitu kimoja: mkato mmoja, kondoo mmoja. Lakini mwenye kondoo mia mbili hawezi kukata mikato mia mbili kila jioni. Njia iliyo rahisi ni kuhesabu kwa mdomo hadi kiasi fulani, kukata mkato mmoja, kisha kuanza upya. Kiasi kilichochaguliwa kilikuwa ishirini, na ndivyo mkato wenyewe ulivyokuja kumaanisha ishirini. Wachungaji wa kaskazini mwa Uingereza walikuwa na orodha maalumu ya maneno ya kuhesabia kondoo, inayoanza “yan, tan, tethera” na kukoma kwenye ishirini. Mchungaji akifika mwisho wa orodha aliweka alama, kwa mkato au kwa kijiwe, halafu akarudi kwenye “yan”.

Ishirini haikuchaguliwa kibahati. Ni jumla ya vidole vya mikono na miguu, na jamii nyingi duniani zimeifanya kuwa msingi wa kuhesabia. Wamaya wa Amerika ya Kati walijenga juu yake mfumo kamili wa namba na kalenda. Kifaransa bado husema “nne ishirini” kwa themanini, na mjini Paris ipo hospitali ya macho iitwayo Quinze-Vingts, yaani “kumi na tano ishirini”, kwa sababu Mfalme Louis wa Tisa aliianzisha katika karne ya 13 iwe makao ya vipofu 300. Kidenmaki hutaja sitini kuwa tatu mara ishirini, na hamsini kuwa nusu ya kuikamilisha ishirini ya tatu. Kibaski na Kiwelisi cha jadi navyo huhesabu hivyo hivyo, na Kiyoruba cha Afrika Magharibi hujenga arobaini, sitini na themanini juu ya neno lake la ishirini.

Kiingereza chenyewe ni lugha ya makumi: kina maneno yake ya thelathini, arobaini na hamsini. Kwa hiyo “score” haikuchukua nafasi ya “twenty”. Zilikaa pamoja, moja ikiwa namba na nyingine ikiwa fungu. Nguruwe walipimwa kwa “score” ya ratili ishirini. Wapiga upinde walipima umbali wa shabaha kwa “score” ya yadi ishirini.

Matumizi mawili ndiyo yaliyoihifadhi maana hii hadi leo. La kwanza ni tafsiri ya Biblia ya mwaka 1611, iliyoagizwa na Mfalme James. Zaburi ya 90 inapotaja umri wa binadamu, tafsiri hiyo haisemi sabini kwa neno la kawaida, bali husema “ishirini tatu na kumi”. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili hukuta hapo sabini tu. La pili ni hotuba aliyoitoa Rais Abraham Lincoln wa Marekani tarehe 19 Novemba 1863 huko Gettysburg, Pennsylvania. Aliianza kwa kuhesabu miaka 87 tangu uhuru wa nchi yake wa mwaka 1776, akaitaja kuwa “score” nne na miaka saba. Hata mwaka ule msemo huo ulikuwa na harufu ya kale. Lincoln alikuwa amekulia katika usomaji wa Biblia hiyo ya 1611, na aliazima sauti yake ili kuupa mwanzo wa hotuba uzito wa ibada.

Korja

Pwani ya Afrika Mashariki ina neno lake la fungu la ishirini: korja. Ni neno la biashara ya Bahari ya Hindi. Wafanyabiashara wa India walihesabu nguo na bidhaa nyingine kwa mafungu ya ishirini, Wareno wakalichukua neno hilo kwa umbo la “corja”, na Waingereza wa India nao wakawa na umbo lao. Kwa Waswahili, korja ilikuwa kipimo cha nguo na cha miti ya ujenzi. Katika biashara ya mikoko ya Lamu, fito na boriti huhesabiwa kwa korja, na maofisa wa misitu waliokuwa wakiandika takwimu zao kwa Kiingereza waliandika “score”. Maneno hayo mawili hayana uhusiano wa asili, lakini yamekutana katika mzigo mmoja wa boriti, kwa kuwa muuzaji wa Lamu na mchungaji wa Uingereza walikuwa na shida ileile: kuhesabu vitu vingi vinavyofanana, haraka, bila kukosea.

Vijiti vya Hazina

Kijiti cha mikato hakikuwa chombo cha wachungaji peke yao. Tangu enzi ya Mfalme Henry wa Kwanza, aliyetawala Uingereza kuanzia mwaka 1100 hadi 1135, Hazina ya ufalme ilitoa stakabadhi zake kwa vijiti, mara nyingi vya mti wa hazeli. Utaratibu wake umeelezwa katika kitabu cha Kilatini kilichoandikwa mwishoni mwa miaka ya 1170 na Richard FitzNeal, aliyekuwa mweka hazina wa mfalme.

Ukubwa wa mkato ulilingana na kiasi cha fedha. Pauni elfu moja ilikatwa kwa unene wa kiganja, pauni mia moja kwa upana wa kidole gumba, pauni ishirini kwa upana wa kidole cha mwisho, na pauni moja kwa upana wa punje ya shayiri iliyojaa. Shilingi ilikuwa ndogo zaidi, na peni ilikuwa mstari tu, bila kutoa chembe ya mti. Pauni ishirini kupewa mkato wake wa pekee, pamoja na mia na elfu, kunaonyesha jinsi fungu hilo lilivyokuwa na nafasi hata katika hesabu za serikali.

Baada ya kukatwa mikato, kijiti kilipasuliwa kwa urefu kikawa vipande viwili, na kila kimoja kilibaki na nusu ya kila mkato. Kipande kirefu, kilichoitwa “stock”, alipewa aliyelipa fedha. Kifupi, kilichoitwa “foil”, kilibaki Hazina. Siku ya ukaguzi vipande viliunganishwa. Mikato ikikutana sawasawa na nyuzi za mti zikifuatana, hesabu ilikubaliwa. Aliyejaribu kuongeza mkato kwenye kipande chake aliumbuka papo hapo, kwa kuwa kipande cha pili hakikuwa na mwenzake. Ulikuwa ulinzi madhubuti dhidi ya udanganyifu, na haukuhitaji kusoma wala kuandika.

Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuviacha vijiti mwaka 1782, lakini viliendelea kutumika hadi 1826. Miaka minane baadaye iliamuliwa vijiti vilivyorundikana vichomwe. Tarehe 16 Oktoba 1834 vilitiwa katika tanuri za Bunge la Malordi, moto ukavuka mipaka, na kufikia usiku sehemu kubwa ya jumba la Westminster ilikuwa imeteketea. Jengo la Bunge linaloonekana London leo lilijengwa baada ya moto huo. Nchini Ufaransa, sheria ya madai ya mwaka 1804 iliyotungwa chini ya Napoleon ilikuwa imevitambua vijiti vya aina hiyo kuwa ushahidi mahakamani kati ya muuzaji wa rejareja na mteja wake.

Deni na kisasi

Katika vilabu vya pombe na nyumba za wageni za Uingereza, mwenye kilabu aliweka alama kwa kila kikombe ambacho mteja alikunywa bila kulipa, mwanzoni kwa mikato kwenye kijiti, baadaye kwa chaki ukutani, mlangoni au kwenye kibao. Jumla ya alama hizo iliitwa “score”, na kulipa “score” kulimaanisha kumaliza deni. Kazi yake ilikuwa ileile ya daftari la madeni la muuza duka wa mtaani.

Kutoka kwenye deni la fedha, neno lilipanuka hadi deni la moyoni. Anayesema kwa Kiingereza kwamba ana “score” ya kumalizana na mtu hazungumzii fedha, ana kisasi. Waliodhulumiwa huonekana kama waliotunza kijiti chenye mikato ya kila kosa. Wajerumani nao humwambia mtu mwenye makosa ya zamani kwamba ana kitu juu ya kijiti chake cha mikato. Matumizi mengine ya Kiingereza, yenye maana ya “kuhusu jambo hilo” au “kwa sababu hiyo”, yametoka hapo hapo: kila jambo lina safu yake katika hesabu, na msemaji anataja safu anayoizungumzia.

Uzito wa kijiti katika maisha ya watu wa kawaida unaonekana hata katika tamthilia. Katika sehemu ya pili ya “Henry VI” ya Shakespeare, iliyoandikwa mwanzoni mwa miaka ya 1590, mwasi Jack Cade anamshutumu bwana mmoja kwa kuleta vitabu vya kuchapwa katika nchi ambayo mababu zake waliridhika na vijiti vya mikato. Mwandishi alitaka watazamaji wacheke ujinga wa Cade, lakini maneno yake yalibeba ukweli: kijiti kilikuwa hati ya mtu asiyejua kusoma.

Kutoka kijiti hadi ubao wa matokeo

Mchezo wa kriketi unaonyesha waziwazi jinsi neno lilivyoingia viwanjani. Katika karne ya 18, watunza hesabu wa mchezo huo waliketi pembeni mwa uwanja wakiwa na kisu na kijiti, na kila mchezaji alipokamilisha mbio kati ya nguzo walikata mkato. Mbio zenyewe ziliitwa mikato. Hesabu ilipohamia kwenye karatasi, na baadaye kwenye ubao mkubwa unaosomwa na watazamaji wote, kisu kiliachwa lakini neno likabaki. Tangu karne hiyo “score” ni jumla ya pointi za mchezo, na pia kitendo cha kuzipata. Mfungaji wa bao katika soka ya leo, kwa Kiingereza, huitwa kwa jina ambalo zamani lilimstahili aliyekaa pembeni akikata kijiti.

Mtihani wa shule ulifuata njia hiyo hiyo, kwa kuwa nao hukusanya pointi hadi ipatikane jumla. Tofauti ni kwamba katika kriketi kila mkato ulikuwa tukio lililoonekana na watu wote, ilhali alama ya mtihani ni uamuzi wa msahihishaji.

Muziki

Mwanzoni mwa karne ya 18 neno lilianza kutumika kwa maandishi ya muziki. Katika kitabu cha nota cha okestra, kila ala ina mistari yake mitano: zumari juu, ngoma katikati, fidla chini. Ili kiongozi aone nini kinapigwa kwa wakati mmoja, mistari ya wima huchorwa kutoka juu hadi chini kuziunganisha sehemu zote. Mistari hiyo, kama mikato inayokatiza upana wa kijiti, ndiyo iliyoupa ukurasa wote jina la “score”. Filamu zilipoanza kutungiwa muziki wake, jina lilihama kutoka kwenye karatasi hadi kwenye muziki wenyewe unaosikika.

Maana ya kwanza kabisa, ya kuchanja, nayo haijafa. Mpishi huchanja ngozi ya nyama ili viungo vipenye. Fundi wa vioo huchora mstari kwa almasi kabla ya kuvunja. Mchapishaji hubonyeza karatasi nzito ili ikunjike vizuri. Vitenzi vyote hivyo, kwa Kiingereza, ni “score”. Kupigia neno mstari chini yake ni “underscore”, ambalo leo pia ni jina la kistari cha chini kinachotumika katika anwani za barua pepe na majina ya mafaili.

Alama za binadamu

Katika karne ya 20 neno liliingia katika upimaji wa watu wenyewe. Mwaka 1953 daktari wa Marekani Virginia Apgar alichapisha njia ya kumpima mtoto mchanga mara tu azaliwapo. Mambo matano huangaliwa: mapigo ya moyo, upumuaji, nguvu ya misuli, mwitikio anapoguswa, na rangi ya ngozi. Kila moja hupewa alama 0, 1 au 2, na jumla ya juu ni 10. Kipimo hufanyika dakika ya kwanza na ya tano, na kinatumika katika wodi za uzazi duniani kote, Afrika Mashariki ikiwemo.

Katika fedha, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa na Bill Fair na Earl Isaac mwaka 1956 ilitoa mwaka 1989 alama ya kukopesheka iitwayo FICO, inayoanzia 300 hadi 850. Alama hiyo humwambia mkopeshaji uwezekano wa mkopaji kulipa. Nchini Kenya, huduma ya M-Shwari iliyoanza mwaka 2012 ilileta wazo hilo kwenye simu: kiwango cha mkopo hupangwa kwa kuangalia jinsi mteja anavyotumia simu na M-Pesa. Kimaana, neno limerudi kilabuni lilikokuwa zamani, kwenye hesabu ya nani anadaiwa na nani anaaminika. Kimaumbile, jambo moja limebadilika. Kijiti kilichopasuliwa kilimwachia kila upande nusu yake, na mdaiwa aliweza kuihesabu mikato mwenyewe. Alama ya kompyuta hubaki kwa mkopeshaji, na mkopaji huona jumla tu bila kuona mikato iliyoifanya.

Matumizi ya leo

Kwa msomaji wa magazeti ya Kiingereza, maana inayohitaji uangalifu zaidi ni ile ya wingi. Habari ikisema kwamba “scores” za watu wamejeruhiwa, mwandishi hajahesabu kwa ishirini. Anamaanisha watu wengi, kwa kawaida zaidi ya arobaini na chini ya mamia, bila idadi kamili. Kiswahili sahihi cha hapo ni “makumi ya watu”. Neno likiwa katika umoja na likifuatwa na nomino, kama katika maandishi ya kale, ni ishirini kamili. Likiwa katika michezo ni jumla ya mabao au pointi. Katika muziki ni kitabu cha nota. Katika ugomvi ni kisasi. Jikoni na karakanani ni kuchanja. Anayekumbuka kisu na kijiti hatapata shida kujua ni ipi kati ya hizo iliyokusudiwa.